Jina, Sifa na Mvumo: Juu ya Maneno Tuyatumiayo kwa Mtu Ajulikanaye Mno

Katika mji wa Arusha, na katika vijiji vya mlima Meru toka Akeri hata Engare Nanyuki, liko neno moja lililoingia vinywani mwa watoto wa shule kwa nguvu nyingi, nalo ni neno "staa". Mchezaji wa mpira ni staa. Mwimbaji ni staa. Mhubiri mwenye mkutano mkubwa ni staa. Na mtu aliyeonekana juzi katika simu za watu akifanya kioja, naye ni staa vilevile. Akizidi kutazamwa huitwa supastaa. Hatuna ugomvi na neno hili kwa sababu ya ugeni wake. Kiswahili kimepokea wageni wengi na kuwapa makao: twasema shule, kitabu na meza, na maneno hayo matatu yametoka kwa Wadachi, kwa Waarabu na kwa Wareno. Ugomvi wetu ni wa namna nyingine. Neno hili limekuja na kukaa peke yake katika nyumba iliyokuwa na watu wengi, na wale wengine wanaanza kutoka mlangoni mmoja mmoja. Yafaa tuwatazame kabla hawajaondoka wote, tukajue kila mmoja alikuwa na kazi gani.

Tuanze na maneno yaliyo ya asili. La kwanza ni "jina". Kila mtu hupewa jina na wazazi wake, lakini tusemapo "fulani amepata jina", maana yake ni kwamba jina lile alilopewa nyumbani limefika mbali kuliko miguu yake. Kisha kuna vitenzi: kujulikana, kutajika, kusikika. Mwalimu wa sarufi atazame viishio vyao. Kila kimoja kina mtendaji aliyefichwa ndani yake. Anayejulikana ajulikana na watu. Anayetajika yuko anayemtaja. Hata usipomwambia msikilizaji ni nani amtajaye, yeye ana haki ya kukuuliza, "Anatajika kwa nani, na kwa lipi?" na lugha yenyewe imempa haki hiyo.

Tulipokopa kwa Waarabu hatukukopa ovyo. "Maarufu" kwa asili yake ni kitu kinachojulikana, na kwa Waarabu neno lilo hilo hutumika kwa jambo jema ambalo watu wote wenye akili hulikubali kuwa jema. "Mashuhuri" ni ndugu wa "mshahara", ingawa wengi hawaujui udugu huo. Yote mawili yatoka katika shina moja, ambalo ni la mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama kila mtu huuona, wala hakuna haja ya kubishana. Na mshahara ni malipo ya mwezi. Basi mtu mashuhuri ni yule aliye wazi kama mwezi ulioandama. "Sifa" nayo si kusifiwa tu. Sifa ni hali ya kitu, jinsi kilivyo. Ndiyo sababu ofisi ikitaka karani hutaja sifa za mtu anayetakiwa, wala haimaanishi nyimbo za kumsifu. Yamaanisha elimu yake na kazi aliyoifanya. Mtu mwenye sifa, kwa maana ya kwanza, ni mtu mwenye jambo ndani yake linaloweza kuelezwa.

Kisha liko neno la peke yake, nalo ni "kuvuma". Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na mtu naye huvuma. Neno hili halina mtendaji aliyefichwa kama kujulikana. Ni sauti tu. Hatuambiwi ni nani asemaye, wala asema kweli au uongo. Twaambiwa tu kwamba kelele ni kubwa. Na mtoto wa neno hilo ni "uvumi", ambao hakuna mtu mwenye akili auaminiye mara moja. Wazee walipotaka kuonya juu ya kujulikana kulikopita kiasi hawakuchagua neno jingine ila hili: ngoma ikivuma sana, karibu itapasuka. Hawakusema kwamba mtu akijulikana sana atapasuka, wala akitajika sana. Walisema akivuma.

Basi tunayo maneno ya namna tatu. Yako yanayodai shahidi, kama kujulikana na kutajika. Yako yanayodai jambo lenyewe, kama sifa na umashuhuri. Na liko linalopima kelele tu, yaani kuvuma. Neno "staa" halidai shahidi, wala halidai jambo, wala halikiri kwamba ni kelele. Lasema tu mtu ni nini, kana kwamba amezaliwa hivyo. Hapo ndipo tunapoona hatari, nasi tutaipima kwa habari za watu watatu wa mkoa huu wa Arusha, ambao majina yao yalipanda juu sana, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza ni Kirilo Japhet. Mwaka 1951 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika nchi ya Engare Nanyuki, ili ardhi ile wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ikafukuzwa. Wameru hawakushika mikuki. Walikutana, wakachanga fedha, wakamteua Kirilo awe msemaji wao. Na mwaka 1952 alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akaieleza habari ya watu wake. Mwaka 1967 kilitoka kitabu walichokiandika wawili hao juu ya kesi ile. Jina la Kirilo lilifika mahali ambapo jina la mlima Meru lenyewe lilikuwa halijafika. Lakini angalia ni neno gani limfaalo. Yeye alitumwa. Kabla jina lake halijapanda ndege, lilikuwa limekwisha kutajwa katika mikutano ya koo, mbele ya washili na wazee waliomjua baba yake. Kama mtu angaliuliza, "Anatajika kwa nani, na kwa lipi?" jibu lilikuwa tayari: kwa waliofukuzwa, kwa ajili ya ardhi yao. Huyu twamwita mtu aliyetajika, na neno hilo lamtosha.

Wa pili ni Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia iliyokuwa imewekwa na Mmarekani Jim Ryun mwaka 1967. Wala hakukimbia kama wengine, ambao hujificha nyuma na kuchomoka mwishoni. Alitangulia tangu mwanzo, akakaa mbele hata mwisho, naye John Walker wa New Zealand akija nyuma yake alipita rekodi ya zamani pia asimpate. Mwaka 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi aliivunja na rekodi ya maili, kwa dakika 3 na sekunde 51.0, nayo haikudumu, kwa kuwa Walker aliivunja mwezi wa Agosti mwaka uo huo. Ulimwengu ulitaka sana kuwaona wawili hawa katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, lakini Tanzania na nchi nyingi za Afrika hazikushiriki, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 huko Moscow alipata nishani ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hata baada ya Michezo ya mwaka 2024, nishani hizo mbili zilibaki ndizo pekee ambazo Tanzania imezipata katika Olimpiki.

Neno la Bayi ni "mashuhuri", kwa maana yake ya kwanza kabisa. Shahidi wake hakuwa mshangiliaji; alikuwa saa. Saa haikujua ametoka Karatu au London, wala haikumpenda wala kumchukia. Mtu asiyependa michezo hawezi kubishana nayo, kama vile asivyoweza kubishana na mwezi uliokwisha andama. Na kwa kuwa sifa yake ilikuwa katika jambo, haikuharibika rekodi zilipovunjwa na wengine. Rekodi ilikwisha, lakini kwamba alikimbia hivyo siku ile hakukwisha. Baadaye yeye na mkewe walianzisha shule, na wazazi waliowapeleka watoto wao huko waliwapeleka kwa mtu wanayejua alifanya nini.

Wa tatu ni Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na hapa twaomba wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wachungaji, watusikilize kwa uvumilivu, kwa maana habari hii iligusa nyumba nyingi na wengine bado wana uchungu. Alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, akikaa kijiji cha Samunge, katika nchi ya Wasonjo. Alisema kwamba Mungu alimwonyesha katika ndoto mti wa dawa. Akachemsha mizizi yake, akawapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500, wala hakupandisha bei. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2011 habari ilienea Tanzania yote, kisha Kenya na nchi nyingine. Magari yalitoka Arusha usiku na mchana. Msururu wake kule Samunge ulifika kilomita nyingi, hata ukasemwa kuwa kilomita 26. Wakubwa wengine walifika kwa helikopta. Watu walikuwa wakifa njiani na katika kungoja, na ilipofika mwisho wa Machi hesabu iliyotangazwa ilikuwa 52. Mwenyewe aliomba watu wasiendelee kuja kwa siku kadhaa, ili waliokwisha fika wahudumiwe. Na wako walioacha dawa za hospitali, wenye kisukari na wenye ukimwi, wakiamini kwamba wamekwisha pona.

Sasa tuyatazame maneno. Kwanza, mtu huyu alipoteza jina lake. Magazeti na wasafiri hawakumwita Mwasapile, walimwita Babu. Katika desturi zetu babu ni neno la adabu na la nyumbani: babu haulizwi vyeti vyake, na kikombe anachokupa babu hukikatai. Neno la heshima likafanya kazi ya ushuhuda. Pili, kijiji nacho kilipoteza jina lake. Aliitwa Babu wa Loliondo, ingawa Loliondo ni jina la tarafa na mji wake, na kijiji ni Samunge. Mvumo hauna haja ya mahali penyewe. Wachukua jina lililo rahisi kutamkwa. Tatu, na hili ndilo zito kwetu, ni neno "kikombe". Watu hawakusema wamekwenda kunywa dawa. Walisema wamekwenda kupata kikombe. Mkristo aliyelelewa kanisani alisikia katika neno lile mlio wa Meza ya Bwana, apende asipende, hasa kwa kuwa mkono uliompa ulikuwa mkono wa mchungaji. Hatusemi kwamba Mchungaji Mwasapile aliyapanga maneno hayo. Umati uliyapanga, na walimu na wachungaji wengi waliyakariri bila kuyapima.

Kama tungalikuwa tumelinda maneno yetu, neno la habari ile lilikuwapo tangu mwanzo: ilikuwa imevuma. Na mtu akisikia kwamba jambo linavuma, lugha yenyewe humwonya asimame kidogo. Lakini tulisema "Babu ni maarufu", tukamwambia msikilizaji kwamba jambo limekwisha kujulikana na kukubaliwa, hali hakuna aliyekuwa amelipima. Msururu ukawa ndio ushahidi: watu wengi wamekwenda, basi ni kweli; na kwa kuwa ni kweli, watu wengi zaidi wakaenda. Mwaka uliofuata msururu ulikuwa umekwisha. Mchungaji Mwasapile alibaki Samunge hata alipofariki mwezi wa Julai 2021, wala hatusemi kwamba alikuwa ameukimbilia umaarufu. Umaarufu ndio uliomkimbilia. Waliokufa barabarani hawakuuawa na maneno peke yake. Walikuwa wagonjwa, na barabara ilikuwa mbaya. Lakini wako waliopandishwa garini na maneno.

Huenda msomaji akasema, "Vijana hawafanyi madhara kwa kumwita mwimbaji staa." Ni kweli, na tusiwadharau. Mji huu wa Arusha umezaa waimbaji wenye sifa ya kweli. Kikundi cha X Plastaz kilichanganya uimbaji wa Kimasai na mashairi ya vijana wa mjini, na santuri yao ya mwaka 2004 ikasikika Ulaya. Joh Makini, kijana wa Arusha, alijulikana kwa jina la kujisifu, Mwamba wa Kaskazini. Tutazame jina hilo kwa haki. Lina mahali, yaani kaskazini, na lina mfano wa kitu kinachoonekana, yaani mwamba, ambao mtu wa mlimani aujua tangu utoto. Hilo ni jina la sifa kwa namna ya wazee wetu, na ukilisikia waweza kuuliza kama mwimbaji yuko imara kama mwamba au sivyo. Kumwita staa ni kumnyang'anya kile alichojipa mwenyewe.

Tena vijana hao hao wametunga neno ambalo sisi wazee hatukulitunga, nalo ni "kiki". Wakimwona mtu amefanya ugomvi au harusi ya uongo ili atajwe, husema, "Anatafuta kiki." Neno halina asili nzuri, lakini lina akili. Latambua kwamba iko kelele iliyonunuliwa, na kwamba mwenye kelele ana kusudi. Kiswahili cha zamani kilikuwa na "kuvumisha", yaani kuifanya habari ivume; kiki ni mjukuu wake. Basi mwalimu asilifukuze neno hili darasani. Alitumie, aoneshe kwamba vijana wenyewe wanajua tofauti kati ya sifa na mvumo, ila neno "staa" huwasahaulisha.

Kwetu sisi tulio katika kazi ya Kanisa, jambo hili lina mzizi wa ndani zaidi. Katika kitabu cha Mwanzo habari mbili zimewekwa karibu kwa makusudi. Katika sura ya 11 watu wa Babeli wanajenga mnara ili wajipatie jina wao wenyewe. Katika sura ya 12 Abramu, asiyejenga kitu ila aliyeondoka tu alipoitwa, anaahidiwa kwamba Mungu ndiye atakayelikuza jina lake. Neno ni lile lile, jina; tofauti ni nani alitoaye. Mhubiri anayetangazwa kwa mabango mjini kuwa staa wa Injili amekwisha kuwekwa upande wa mnara, hata kama moyo wake hautaki.

Na tukumbuke Akeri. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko siku chache tu baada ya kufika, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Hawakuhubiri kwa muda mrefu, hawakubatiza umati, wala hawakujenga. Hata hivyo majina yao mawili yametajwa katika nchi hii zaidi ya miaka mia moja, bila mvumo wowote. Hiyo ni nguvu ya kutajika: jina hudumu kwa sababu wako wanaolishika. Lakini habari hiyo hiyo yatuhukumu, maana ni wangapi kati yetu wawezao kuwataja wale Wachagga? Walikufa mahali pale pale, siku ile ile. Kutajika kwadai mtu wa kutaja, na asipokuwapo, jina hupotea hata kama kifo kilikuwa kimoja. Basi hatusemi kwamba maneno ya zamani yalikuwa na haki timilifu. Twasema kwamba yalionyesha wazi ni nani alishindwa kazi yake: sisi tuliopaswa kutaja.

Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu jambo dogo lisilo na gharama. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba fulani ni staa, mwalimu asilikate neno kwa wino mwekundu. Aandike pembeni maswali matatu: Anajulikana kwa nani? Kwa jambo gani? Nani amelipima? Mwanafunzi akiweza kuyajibu, atajikuta mwenyewe anahitaji neno jingine: ametajika, amesifika, ni mashuhuri, ni bingwa, ni mahiri. Asipoweza kuyajibu, atakuwa amebakiwa na neno moja tu la kweli, yaani anavuma, naye aliandike hilo. Wachungaji nao, kabla ya kutangaza habari ya uponyaji au ya nabii mpya, wajiulize maswali yayo hayo mbele ya Usharika. Mwaka 2011 yangalichukua dakika tatu.

Liko jambo moja tungependa kulisikia kwa wasomaji wetu. Wameru na Waarusha, Wasonjo, Wairaki wa Karatu na Wachagga wana maneno yao kwa mtu aliyesifiwa kupita kiasi, na nyimbo za marika na za mavuno zina njia za kumsifu kijana na kumrudisha chini katika ubeti ule ule. Walimu walio vijijini wangefanya vema kuyakusanya maneno hayo kwa vinywa vya wazee, pamoja na maana zake na mahali yatumikapo, wakatuletea. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka.